Udi wa nyuma ya Ngome, na goti langu

Duka ni chumba kimoja tu, kwenye kichochoro nyuma ya Ngome ya Lamu. Halina ubao wa jina, fuata moshi. Bibi mwenye duka hakuuzii kitu mpaka akuchomee kipande kwenye chetezo, na hapo ndipo nilipompenda, maana udi wa baridi mkononi haukwambii lolote.

Nilichukua udi wa kupika, wenye sukari na sandali. Kaa likiwa kali mno, sukari inaungua na chumba kinanuka masizi. Bibi alinionyesha: funika kaa kwa jivu kidogo, weka punje, subiri itoe povu. Harufu ya sandali inakuja nyuma yake, taratibu.

Nina baridi yabisi ya goti. Nikifukiza usiku maumivu hayaondoki, ila hayanikeri vile, na moyo unatulia. Si ndoto zangu: mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walieleza kwamba harufu nzuri ilibadili hali ya moyo na kero ya maumivu, si ukali wake. Hata hivyo dawa za daktari nazimeza kama kawaida.

Vile vikopo vya rafu ya juu viacheni. Ghali, marashi yamezidi, nami viliniumiza kichwa. Mwenye pumu asijaribu kabisa, moshi ni moshi.

Nendeni asubuhi; adhuhuri ikiadhiniwa, bibi anafunga.