Miezi 14 na Nissan Leaf: uzoefu wa mtu wa Altezza

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua zimeshika Dar, Leaf yangu, gari la umeme, iligoma kuwaka. Betri kubwa ilikuwa na asilimia 81, maana ilikesha kwenye chaji. Nabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinafifia kama tochi iliyoishiwa, kitu kinalia tik-tik-tik, basi. Nikaenda kuitoa Altezza, Toyota yangu ya petroli, nyuma ya nyumba, nikaisogeza pua kwa pua, nikafungua maboneti yote mawili na kutoa waya za kubusti. Jirani yangu, aliyekuwa ananiita "mzee wa umeme" tangu gari lifike, aliegemea geti na kikombe chake cha chai. "Kwa hiyo la petroli ndilo linaliwasha la umeme?"

Ndiyo, jirani. Ndivyo ilivyokuwa.

Kumbe Leaf ina betri mbili. Iko ile kubwa ya chini ya viti inayosukuma gari, na iko ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ile ndogo ikilala, kubwa haiunganishwi hata kama imejaa. Yangu ilikuwa imekuja nayo kutoka Japani na ilishachoka. Nilinunua mpya siku ile ile na tatizo halijarudi. Ukiagiza Leaf, badilisha hiyo betri ndogo kabla gari halijakuchagulia siku ya kukuaibisha.

Niseme nilikotoka ili mjue namna ya kuyapima maneno yangu. Altezza yangu ni RS200 ya gia za mkono, gia 6, injini ya 3S-GE ya lita 2 ambayo Yamaha walikuwa na mkono wao ndani yake. Nguvu za farasi 210, lakini farasi wenyewe hawakai chini. Wako kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika huko, na mtu asiyeijua atakwambia gari zito, halina kitu. Ukifika elfu sita ndipo linafungua mdomo. Nimekaa nalo miaka 9 na nalijua kwa sikio: plagi ikianza kukosa najua, beringi ya alternata ikianza kulia najua kabla mke wangu hajauliza "hiyo nini?"

Fundi wangu wa Ilala ni wa shule hiyo hiyo. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho. Unasubiri. Kisha anakwambia ugonjwa. Kompyuta anaichukua baadaye, kuthibitisha tu alichokwisha kusikia.

Kilichonitoa huko ni mafuta, si mapenzi ya mazingira. Nakaa Tegeta, kazi yangu iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, na nusu ya hizo ni foleni ya Mwenge. Altezza kwenye foleni hainipi zaidi ya kilomita 8 kwa lita. Bei za EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, zinatoka kila mwezi, na wakati napiga hesabu hizi petroli Dar ilikuwa ikicheza kati ya shilingi 2,700 na 3,100. Piga mwenyewe: siku 22 za kazi, kilomita 1,100, lita kama 137. Inakuja karibu laki nne kwa mwezi, hapo Jumapili bado hujatoka.

Leaf niliyochukua ni ile ya kizazi cha pili, betri ya uniti 40, ya mwaka 2018. Mpaka inafungwa namba ilinigharimu kama milioni 27. Safari zile zile za kazini zinakula takriban uniti 190 kwa mwezi ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama elfu 68. Nimerudia hesabu hii mara nyingi nikidhani nimekosea mahali. Angalizo moja: kama mita yako iko kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo mwezi wa kwanza tu, na familia nzima italipa umeme wa friji na feni kwa bei mpya.

Service karibu hakuna. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna mkanda wa timing. Mwaka wa kwanza nimeweka maji ya waipa, kichujio cha kiyoyozi na tairi mbili. Breki hazijaguswa, kwa sababu ya kile kitu wanaita e-Pedal: ukiinua mguu kwenye mafuta (bado nasema mafuta, nitafanyaje?) gari linajizuia lenyewe mpaka linasimama, na umeme unarudi kwenye betri. Siku mbili za kwanza nilikuwa nawarusha abiria mbele kama dereva wa daladala anayejifunza. Sasa kwenye foleni sitaki kurudi kwa klachi, na ninayesema hivyo ni mtu niliyewahi kumcheka kila mwenye gari la otomatiki.

Mwendo je? Hapa watu wa magari ndipo mnaposikiliza. Mota yake ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 320, na yote ipo tangu tairi haijazunguka. Altezza ina 216, na kuzipata lazima uipandishe mpaka mizunguko 6,400. Kwenye taa za barabarani za Morocco hapa Dar, saa nne usiku, barabara nyeupe, Toyota Crown ilinitazama kwa dharau ya haki kabisa. Taa ilipowaka kijani nilikuwa nimeshaondoka kabla injini yake haijapandisha mizunguko. Mpaka kilomita 60 hivi kwa saa hakuniona. Baada ya hapo alikuja, akanipita, na kusema kweli akaenda zake. Leaf ikishavuka 100 inaishiwa hamu. Na kwenye kona inakumbuka kwamba ina kilo 1,500 na zaidi. Uzito uko chini, hailali sana, lakini usukani haukwambii lolote kuhusu tairi zinafanya nini. Ni kama kuzungumza na mtu anayejibu "sawa" kwa kila kitu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kuchaji. Gari lilifika bila waya wake, ingawa wakala aliyeniagizia aliapa umo kwenye buti. Nikanunua mwingine wa plagi ya kawaida ya pini tatu, nikauweka ampea 13, nikachomeka kwenye soketi ya sebuleni kupitia dirishani. Usiku wa tatu mke wangu aliamka akasema kuna harufu ya samaki aliyeoza. Samaki hakuwepo. Ilikuwa plastiki ya soketi. Uso wake ulikuwa wa kahawia, tundu moja limeyeyuka na kuing'ang'ania pini. Soketi ya kawaida inabeba pasi dakika ishirini. Kubeba mzigo ule saa kumi mfululizo ni jambo lingine. Fundi umeme alivuta waya mnene peke yake kutoka kwenye sakiti breka, akafunga plagi ya viwandani ya bluu, ile ya ampea 16. Tangu hapo naiacha usiku na kulala. Weka bajeti hiyo kabla ya kuagiza gari, hasa kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba ni mgumu.

Safari ndefu ni habari nyingine. Bagamoyo na kurudi haina shida yoyote, unakwenda kula samaki unarudi. Morogoro ndiyo ilinipima. Kulikuwa na harusi, na mwenye akili angepanda treni ya SGR, ambayo nayo ni ya umeme na haihitaji kuomba chaji kwa mtu. Mimi nilitaka kujaribu. Nilitoka Tegeta na asilimia 100, kiyoyozi kimewaka, nikifukuzana na mabasi. Chalinze nikafika na 49. Zilikuwa zimebaki kama kilomita 85, nyingine za kupanda, na mke wangu alikuwa ameacha kuongea tangu Mlandizi.

Tukaingia gesti moja pembeni ya barabara. Mama mwenye gesti alilizunguka gari, akatazama waya, akatazama mita yake ukutani.

"Baba, hilo si litamaliza umeme wangu wote wa luku?"

"Shikamoo mama. Sichomeki mpaka niwe nimekuwekea. Nipe namba ya mita."

Nikalipa elfu kumi kwa simu. Akavaa miwani, nikamsomea zile namba ishirini, nne nne, yeye akibonyeza kwa kidole kimoja na kurudia kila namba kwa sauti. Mita ikalia. Zikaingia uniti 23 na pointi, maana kodi ya jengo ya mwezi ule, 1,500, ambayo hukatwa kwenye luku, ilikuwa bado, ikakatwa hapo hapo. "Ah," akasema, "umenilipia na kodi." Tukakaa saa tatu chini ya mwembe, mishikaki na soda, nikiwa nimepunguza mpaka ampea 10 kwa kumbukumbu ya soketi yangu. Kila baada ya nusu saa nilikwenda kuishika plagi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tulitumia uniti saba hivi; zilizobaki zikawa zake. Alitusindikiza mpaka barabarani na kutuambia tusipitilize siku ya kurudi.

Morogoro nikafika na asilimia 24, kiyoyozi kimezimwa, mke wangu ametoa jasho na vipodozi vyake. Lile tundu kubwa la chaji ya haraka, aina ya CHAdeMO, tangu ninunue gari sijawahi kulitumia hata mara moja. Limekaa pale kama kitovu.

Joto ndilo linalonipa wasiwasi wa kweli. Betri ya Leaf haina maji ya kupooza, inategemea hewa tu, na hewa ya Dar mnaijua. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Yangu ilikuja na vyote 12, nikafurahi, mpaka nilipochomeka kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, na kufungua programu ya LeafSpy kwenye simu: afya asilimia 87. Kipande cha kwanza hudondoka karibu na 85, kwa hiyo muuzaji alikuwa mkweli na bado hakuniambia kitu. Miezi kadhaa baadaye kilidondoka. Leo niko 84. Kwa safari zangu za kila siku haina maana yoyote, kwa bei ya kuuzia ina maana kubwa sana. Usinunue kwa kuhesabu vipande. Dai picha ya hiyo programu, na kama hawana, punguza bei kichwani mwako kabla hujafungua mdomo. Mengine ni madogo: menyu yote ni ya Kijapani, na ramani inaamini kwa moyo wote kwamba bado niko Japani.

Wenzangu wapenda magari tunaokutana Jumapili ufukweni Coco wamenipa majina yote. Pasi. Friji. Simu yenye matairi. Nikifika nayo, hakuna anayeomba nifungue boneti, na hilo linauma kuliko majina. Mtu akija na gari lenye injini ya 1JZ ya Toyota tunafungua, tunainama, tunanyooshea vidole, tunabishana saa nzima kuhusu tabo. Ndani ya Leaf kuna boksi la rangi ya fedha na waya nene za rangi ya chungwa ambazo sote tunaogopa kuzigusa, na kwa kuogopa tuna haki, ule umeme unaua. Mazungumzo yanakwisha kwa dakika mbili. Wakisema gari halina roho nakataa, kwa sababu nimeliona taa za Morocco. Ila haliniulizi chochote. Altezza kila wiki ilikuwa inanitaka: oili imepungua, mlio umebadilika, leo baridi nisikilize kwanza. Nilikuwa nalalamika kweli kweli. Sasa nina Jumamosi nzima na mikono misafi, na sijajua bado niifanyie nini.

Siku ya kwanza nilipoipeleka Ilala, fundi wangu alifungua boneti, akachukua bisibisi yake kwa mazoea, akaiweka juu ya lile boksi, juu ya plastiki, mbali na waya, akaegemeza sikio. Vijana wake wakanyamaza. Alikaa hivyo sekunde kumi, akainuka anacheka.

"Kaka, huyu mgonjwa hasemi."

Nikamwonyesha programu kwenye simu: mistari 96, kila mmoja jozi ya seli, na ukiona mmoja mfupi kuliko wenzake ujue huyo ndiye anayeumwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akavuta kwa vidole kuikuza, akanirudishia simu bila kusema neno. Nilidhani yamekwisha hapo.

Juzi kanipigia saa moja asubuhi. "Kaka, kile kidude chako unakitumia Jumamosi? Kuna dada kaleta Leaf, ya uniti 24, ile ya zamani. Nimemwambia aiache."