Shafti mbili zisizolingana, na mtu aliyeniambia nibadilishe namba

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: nyota moja. Huenda nikaibadilisha kabla sijamaliza kuandika, lakini kwa sasa ni moja, na hiyo moja ni ya sanduku. Sanduku lilifungwa vizuri.

Nilinunua mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao, ile inayokuja vipande vipande ukaiunge mwenyewe nyumbani. Ukubwa wa meza, nguvu ya mota, uzito, hayo yote yameandikwa kwenye tangazo lao, mwenye macho atasoma. Ninayotaka kusema mimi hayamo kwenye tangazo. Ni habari ya chuma kimoja, na ya kijana mmoja wa huduma kwa wateja. Sijui kama kweli ni kijana. Anaandika kama kijana.

Kuunga fremu kulikuwa raha, nisiwe mnafiki. Mapande ya alumini yamekatwa sawasawa, nati zinateleza kwenye mifereji yake bila kugombana, na funguo za alenkii walizoweka si zile laini zinazojipinda ukikaza kidogo. Kijitabu cha maelekezo ni picha tupu na mishale, na picha mojawapo imechapwa kichwa chini miguu juu, lakini aliyewahi kufunga kabati la kununua hatapotea. Nilikwenda polepole. Nikapima mshazari huu na mshazari ule mpaka vikalingana. Nikahakikisha pembe kwa ile hesabu ya mafundi ya 3, 4, 5: unapima sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili zikitoka 50 kamili, pembe yako ni mraba. Zilitoka 50. Ninalisema hili mapema kwa sababu kuna mtu atakuja kuniambia vingine.

Asiyeijua mashine hii anahitaji kuelewa jambo moja tu. Kuna daraja linalobeba mota ya kuchonga, nalo huenda mbele na kurudi nyuma juu ya meza. Kwenye mashine yangu daraja linasukumwa kutoka pande zote mbili: kulia kuna mota yenye shafti ndefu ya uzi, na kushoto kuna nyingine. Shafti ikizunguka, nati ya shaba iliyofungwa kwenye mguu wa daraja husogea, na mguu husogea nayo. Mota zote mbili hupokea amri ileile kwa wakati uleule. Shafti hizo mbili, basi, lazima ziwe pacha.

Nilipomaliza kufunga nyaya nikawasha, nikaunganisha kompyuta, nikaiambia isogee mbele milimita 10. Mguu wa kushoto ukaondoka. Wa kulia ukajikokota. Daraja likaenda upande kama nira iliyofungwa ng'ombe huku na mbuzi kule, mota zikakoroma, kisha zikaanza kugonga, tak-tak-tak, ule mlio wa mota inayoruka hatua kwa kuzidiwa nguvu. Nikakipiga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja. Kitufe, kwa haki yake, kinafanya kazi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nikabadilishana mota, ya kushoto ikaenda kulia. Tatizo likabaki kulia. Nikabadilishana nyaya kwenye bodi, ile sakiti inayoziamuru mota. Kulia. Nikakaza upya zile skrubu ndogo zisizo na kichwa zinazoshika kapla, kile kiungio cha mota na shafti, kwenye ekseli ya mota, maana hizo zikilegea mota huzunguka peke yake na shafti ikabaki nyuma. Kulia. Nikalegeza magurudumu, nikayakaza tena moja moja. Kulia, kulia, kulia. Ukihamisha kila kitu na ugonjwa usihame, basi umo ndani ya kile ambacho hujakigusa. Nilichokuwa sijakigusa ni shafti.

Lakini kabla ya kubomoa nilichojenga nikaona niwaulize wenye mali. Niliandika kwa adabu, kwa salamu kabisa, nikaeleza yote hayo. Jibu likaja: "Ndugu mteja, fremu yako haiko mraba. Tazama video." Nikatuma picha za tepu juu ya fremu, 30, 40 na 50 zinasomeka bila miwani. Jibu: video ileile. Na hiyo video, nimeitazama mpaka mwisho, ni ya mashine nyingine yenye mota moja tu katikati ya daraja! Nilipomwambia hivyo akaniandikia, "Ndugu mteja, kanuni ni ileile."

Sina ugomvi na kuitwa ndugu mteja. Nina ugomvi na mtu anayenijibu bila kunisoma.

Basi nikabomoa. Nikazitoa shafti zote mbili, nikazifuta grisi kwa kitambaa, nikazisimamisha wima sakafuni. Nikaisukuma kwa kidole nati ya shafti ya kushoto. Ikashuka yenyewe ikizunguka, vrrrr, mpaka chini. Nikaisukuma ya kulia. Ikageuka robo, ikasimama. Nikaisukuma tena. Robo, ikasimama. Nikazilaza nikazitazama kwenye ncha, pale uzi unapoanzia. Ya kushoto ina mianzo minne, yaani nyuzi nne zinazofuatana kuzunguka chuma kimoja, zimelala kimteremko. Ya kulia ina mwanzo mmoja, na uzi wake umekaribia kusimama wima. Nikachukua venia, kile kipimio cha taya cha mafundi. Mzunguko mmoja kamili, nati ya kushoto inasafiri milimita 8. Mzunguko mmoja kamili, nati ya kulia inasafiri milimita 2. Unene ni uleule, urefu uleule, mng'ao uleule, lakini kila mota zikizunguka mara moja, mguu mmoja wa daraja unaachwa nyuma milimita 6.

Fremu, baba, fremu! Fremu ilikuwa imekosa nini?

Na kila nati ilikuja imeshavishwa kwenye shafti yake, maana nati ya uzi mmoja haiingii kabisa kwenye shafti ya nyuzi nne. Yaani huko zilikopakiwa kuna mtu alizishika zote mbili akazitia kwenye mfuko mmoja, na mtu mwingine akabandika juu yake kikaratasi cha kijani kinachosema zimekaguliwa. Kikaratasi hicho ninacho.

Nikapiga picha za ncha, nikarekodi na video ya nati zinavyoshuka, nikatuma. Nilidhani yameisha. Jibu lake ninalinukuu neno kwa neno: "Ndugu mteja, tumeangalia picha. Nafasi kati ya jino na jino ni milimita 2 kwa shafti zote mbili. Shafti ziko sawa."

Hapo ndipo mori uliponipanda, na ulipanda kwa sababu anachosema ni kweli. Kutoka jino hadi jino ni milimita 2 kwa zote. Ila kwenye shafti ya uzi mmoja, jino linalofuata ni uzi uleule umeshamaliza mzunguko, kwa hiyo nati imesogea 2. Kwenye shafti ya nyuzi nne, jino linalofuata ni la uzi wa jirani. Uzi wako wewe unautafuta baada ya meno manne, na nati imesogea 8. Mtu anayeuza mashine hizi hapaswi kufundishwa hilo na mteja aliyekaa sakafuni na grisi mpaka viwikoni. Nilimfundisha hata hivyo. Nilimchorea.

Akaja na dawa mpya: "Badilisha $101 kwenye mipangilio iwe 1600."

Hiyo $101 si dola, ni namba inayoiambia bodi mota ipige hatua ngapi ili mguu usogee milimita moja. Hesabu anaijua, simnyimi. Mota hupiga hatua 200 kwa mzunguko, bodi inagawanya kila hatua mara 16, zinakuwa 3200. Ukizigawa kwa 8 unapata 400 kwa kila milimita, ukizigawa kwa 2 unapata 1600. Safi. Lakini namba hiyo ni moja kwa mota zote mbili za mhimili huo, yaani mwendo huo wa mbele na nyuma! Nikiweka 1600, mguu wa kulia utatii na wa kushoto utakwenda mara nne ya nilichoamuru. Ananitibu jicho la kulia kwa kunitoboa la kushoto. Nikamweleza na hilo. Akaandika sentensi moja, "Ndugu mteja, wateja wengine hawajalalamika," kisha akalifunga shauri langu na kuliandikia: limetatuliwa.

Limetatuliwa na nani?

Niseme pia kwamba hicho kidogo ninachokijua kuhusu $101 sikukipata kwao. Bodi yao inaendeshwa na GRBL, programu huria aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 na Sungeun Jeon akaja kuiendeleza kuanzia 2011. Ukiiandikia $$ inakumwagia mipangilio yake yote, na maelezo ya kila namba yapo wazi kwa yeyote: $100 ya mhimili wa X, $101 ya Y, $102 ya Z. Waliotoa kazi yao bure wamenieleza mashine yangu kuliko niliyemlipa. Hawa wenzetu wameichukua na kuiweka kwenye bodi, jambo ambalo leseni inaruhusu, hewala. Lakini hata kusoma alichokiandika mwenye programu kabla ya kumwelekeza mtu ni kazi?

Nikaandika upya, safari hii mistari miwili tu: nataka fedha zangu, picha hizi hapa. Akajibu mtu mwingine kabisa. "Pole sana. Hili ni kosa letu la upakiaji. Tunakutumia shafti." Hakuna video, hakuna ndugu mteja, hakuna hesabu. Huyo mtu kama anasoma hapa, Mungu ampe maisha marefu, na wenye kampuni wamwongeze mshahara. Shafti ikaja baada ya wiki kadhaa, nimeshaanza kuikatia tamaa. Kabla ya kuifunga niliisimamisha wima na kuisukuma nati. Vrrrr.

Na hapa lazima niwe mkweli hata kama unaniuma. Mashine, ikiwa nzima, ni nzuri. Ni nzuri mno. Daraja liliondoka kwa miguu yote miwili na kusimama pale nilipoliambia, likarudi, likasimama palepale. Nilifunga kwanza kalamu badala ya biti, nikaichoresha duara kwenye karatasi, nikalipima kwa venia kila upande: duara. Kisha nikaweka biti ya ncha kali na kipande cha mbao laini, nikachonga herufi. Ilipofika kwenye mkia wa R nilijikuta nimeinama mpaka pua iko karibu na ubao, natazama unyuzi mwembamba wa mbao unavyochomoka mbele ya biti na kujikunja. Kona ya mkia ilitoka kali kiasi cha kukwaruza kidole. Nimewaonyesha herufi hiyo watu wasioijali hata kidogo. Nimejaribu pia MDF, zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, nayo inachongeka vizuri ajabu, ila vumbi lake ni laini na baya, vaa barakoa na utafute cha kulifyonza. Siku hiyo mngeniuliza ningetoa nyota nne, na ya tano ningeizuia kwa kisirani tu.

Kwa hiyo mnaotaka kununua, sisemi msinunue. Nasema kabla hamjafunga chochote, toeni zile shafti mfukoni, tieni alama kwa kalamu kwenye nati, zungusheni mara moja, pimeni. Zote za mhimili mmoja zisafiri sawa. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai, na kijitabu chao cha picha hakina mshale wowote wa kuwaambia hivyo.

Nilikuwa nimeshaandika "nyota nne" na nakaribia kutuma, ndipo ujumbe ukaingia. Yuleyule. "Ndugu mteja, kwa kuwa umepokea shafti mpya, tafadhali rudisha shafti iliyokosewa. Gharama ya usafirishaji ni ya mteja."

Nyota mbili.

Nimemjibu hivi: nimepima nafasi kati ya jino na jino, ni milimita 2 kwa shafti zote, kwa hiyo ziko sawa, na sina iliyokosewa ya kurudisha. Na kama ana shida nayo, abadilishe $101.