Somo la pekee, au ndani ya kila somo?

Vyuo vya ustawi wa jamii Marekani vina njia mbili za kufundisha kuhusu ubaguzi dhidi ya watu Weusi: kuutengea somo lake, au kuuingiza katika masomo yote.

Somo la pekee lina saa zake na mtihani wake, hivyo mhadhiri hawezi kuikwepa mada. Humo kuna nafasi ya historia. Hull House ya Chicago, kituo cha kuwahudumia wakazi maskini kilichoanzishwa mwaka 1889, karibu kila mwanafunzi anaijua. Lakini Locust Street Settlement, kituo kama hicho alichokianzisha Janie Porter Barrett, mwanamke Mweusi, huko Hampton, Virginia, mwaka 1890, wangapi wamekisikia? Kasoro ya somo la pekee: likiwa la hiari, huchaguliwa na walioshawishika tayari.

Njia ya pili humfuata mwanafunzi hadi kwenye ulinzi wa mtoto, anapopima kama mtoto aondolewe kwa mama yake. Hapo ndipo upendeleo huumiza kweli. Ila cha wote hakina mwenyewe. Mhadhiri asiyetaka huigusa mada dakika tano, akapita.

Mimi ningechagua somo la lazima mwaka wa kwanza, kisha wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo waulizwe wanafundisha nini.