Matembezi ya heroe, Ziwa Natron: maelezo bora, tangazo la kupotosha

Tangazo la waandaaji wa matembezi haya, ambao sitawataja, liliahidi kwamba mgeni ataona viota na makinda ya heroe (flamingo) kwa karibu. Ahadi hiyo haitekelezeki. Heroe wadogo, yaani aina ya heroe wenye umbo dogo, hutaga mbali ndani ya ziwa, juu ya matope na magadi yasiyokanyagika, na mtu aliyesimama ufukweni upande wa kijiji cha Engare Sero, hata akiwa na darubini, ataona ndege wazima tu, vichwa vimeinamishwa, wakichuja chakula majini.

Aliyeinusuru siku hiyo ni mwongozaji wetu, kijana wa Kimasai, ambaye alilisahihisha tangazo la waajiri wake kabla hatujafika majini. Mgeni mmoja alipomsihi tusogee zaidi, alikataa kwa upole, akieleza kwamba heroe wakishtuliwa huweza kuvitelekeza viota vyao. Kisha akatusimulia maisha yao kwa mpangilio ambao sikuutarajia: yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, dume na jike wakiliatamia kwa zamu kwa takriban siku 28, kinda wa kijivu, mwenye mdomo ulionyooka usioweza kuchuja kitu, akilishwa na wazazi wote wawili majimaji mekundu yenye lishe yanayotoka kooni mwao. Baada ya siku kadhaa makinda hukusanyika makundi makubwa, wakichungwa na wazima wachache, huku marabu, korongo wakubwa walao nyama, wakiwavizia. Kuruka huchukua zaidi ya miezi miwili, na rangi ya waridi, itokanayo na chakula chao, hukamilika baada ya miaka kadhaa.

Jambo moja aliligusa juu juu, nalo ndilo kiini: kina cha maji. Yakijaa mno, viota huzama. Yakikauka mno, fisi na mbweha huvifikia kwa miguu, na magadi huweza kuganda kwenye miguu ya makinda hadi washindwe kutembea, kama ilivyotokea Ziwa Magadi, Kenya, mwaka 1962. Ndiyo maana heroe hawazai kila mwaka, na mgeni alipaswa kuelezwa hivyo kabla ya kulipa.

Maji ya kunywa yaliyoahidiwa hayakuwapo, na tulianza saa tatu asubuhi, jua likiwa tayari kali. Atakayekwenda abebe maji yake, na adai kuanza saa kumi na mbili.