Nyuzi za fidla kwa kundi la taarabu lisilo na fedha: Prelude, Tonica au Dominant?

Kundi la taarabu likiishiwa, wenye mapenzi nalo huanza kuchangisha ala. Fidla inaletwa kutoka Ulaya, inapokewa kwa shangwe, na miezi minne baadaye imetundikwa ukutani kwa kukosa uzi wa E, ule mwembamba kuliko wote katika nyuzi zake nne za G, D, A na E. Mbao ya fidla ikitunzwa hudumu miaka mia na zaidi. Umri wa uzi huhesabiwa kwa miezi. Mwaka wa shida, shilingi ya kwanza iende kwenye nyuzi.

Unguja jambo hili linajulikana vizuri. Makundi ya taarabu yana umri mkubwa: Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha DCMA kilifungua milango 2002. Mwaka 2019 chuo hicho kilieleza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimekauka na wanafunzi wengi hawamudu ada. Mwaka uliofuata watalii nao wakakatika. Nyakati kama hizo kundi hubebwa na wanaojitolea: mwalimu anayefundisha bila posho, mwanafunzi wa zamani anayeshika ufunguo wa kabati la ala, mgeni anayekuja kwa miezi mitatu na begi lenye nafasi. Tathmini hii ni yao. Tumezipima seti tatu za nyuzi, Prelude, Tonica na Dominant, kwa kipimo kimoja: kazi zitakayofanya mahali penye jasho, chumvi ya bahari na daftari la fedha lenye kurasa tupu.

Tuanze na iliyo rahisi. Prelude ya D'Addario, kutoka New York, ina kiini cha chuma kizima. Kwenye maduka ya mtandaoni seti hucheza kwenye dola 15 hadi 20. Sauti yake ni ya wazi, kali kidogo kwenye E, haina utamu mwingi kwenye G. Mpiga fidla mzuri ataitambua kwa pigo la kwanza na atakunja uso. Lakini chuma hakivuti unyevu, hivyo masika yakiingia na hewa ikawa kama kitambaa kilichochovywa, Prelude hukaa kwenye sauti yake wakati nyuzi nyingine zinahangaika. Ikishatulia siku mbili tatu, imetulia. Kwa fidla za wanafunzi, na kwa safu ya nyuma ya kundi, hakuna inayoishinda kwa bei hiyo. Mwenye kupiga kila siku atapata miezi sita kwa uchache, mara nyingi hadi mwaka.

Kasoro yake kubwa haiandikwi kwenye pakiti. Chuma hakitanuki, kwa hiyo ukizungusha kigingi, kijiti cha kukazia uzi kichwani mwa fidla, kwa unywele tu, sauti inaruka nusu toni. Fidla iwe na skrubu ndogo za kurekebishia sauti kwenye nyuzi zote nne. Fidla nyingi za msaada zina moja tu, ya E. Mtu anayefunga Prelude kwenye fidla kama hiyo atakata nyuzi mbili siku ya kwanza, kisha atalaumu kampuni. Kuongeza skrubu tatu za chuma kwenye mkia wa mbao, kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini, si dawa nzuri, kwa sababu uzito unaongezeka na sehemu ya uzi iliyo nyuma ya daraja (kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso wa fidla) inakuwa fupi, sauti ikafifia. Heri ununue mkia mwepesi wenye skrubu nne za ndani, kama ule wa kampuni ya Wittner, mmoja kwa kila fidla. Ni gharama ya mara moja.

Kubadilisha mkia ndiko kunakohitaji mkono uliotulia, maana hapo ndipo nyuzi zote nne zinalegezwa kwa wakati mmoja. Ndani ya fidla, karibu na mguu wa daraja upande wa E, kuna kijiti kilichosimama bila gundi. Kinashikwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Laza fidla chali juu ya taulo, legeza nyuzi kidogokidogo kwa zamu, usiigeuze wala kuitikisa, funga mkia mpya, rudisha nyuzi. Ukisikia kitu kimegonga ndani, kijiti kimeanguka. Usikaze nyuzi hata kidogo: nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 20, na uso wa fidla usio na kijiti huzama au kupasuka. Funga sanduku, subiri fundi.

Mbali na siku hiyo ya mkia, uzi hubadilishwa mmoja mmoja. Toa G ya zamani, funga G mpya, itunishe karibu na sauti yake, ndipo uiguse D. Kabla ya kufunga, paka risasi ya penseli kwenye mfereji wa daraja na kwenye mfereji wa kibao kidogo cha juu shingoni. Uzi upite bila kukwama. Nyuzi nyingi zinazokatika hukatikia hapo juu, na anayeua ni mfereji mkavu uliobana, uzi hauna kosa. Zungusha uzi kwenye kigingi ukielekea ukuta wa kisanduku cha vigingi, ili uvutwe ndani. Kila ukikaza, kilele cha daraja huvutwa kuelekea vigingi, kwa hiyo mwisho litazame kwa ubavu: upande wake unaotazama mkia usimame wima. Likiwa limeinama, lishike kwa vidole vya mikono miwili na ulirudishe taratibu. Daraja lililoachwa limeinama kwa mwezi mmoja kwenye joto la Unguja hupinda, na lililopinda halirudi.

Vigingi navyo vina tabia zake. Wakati wa masika mbao huvimba vikakwama. Ala ikihamishiwa chumba chenye kiyoyozi, mbao hunywea na vigingi vyote vinaachia kwa mkupuo, ukifungua sanduku unakuta nyuzi zimelala kama tambi. Kigingi kinachokwama kipakwe sabuni kavu ya mche, kinachoteleza kipakwe chaki. (Sabuni ya mche ni shilingi chache na hudumu miaka. Dawa ya dukani ya vigingi ni nzuri, lakini hapa ni anasa.)

Sasa kwa wapiga fidla wa mbele. Hapa Prelude inashindwa, na sababu yake ni ya muziki wenyewe. Wengi wanaofuata mtindo wa Kimisri hutuni G-D-G-D: A inashushwa hadi G, E inashushwa hadi D. Uzi ukishushwa toni nzima, mvuto wake hupungua kwa karibu asilimia 21. Uzi wa chuma uliolegea kiasi hicho huyumba chini ya upinde, sauti inapanda kidogo pale upinde unapobana na kushuka unapoachia, na kwenye maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) zenye robo toni, kama rast na bayati, masikio hayasamehe. Prelude huja kwa unene wa kati tu, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Tonica ya Pirastro, ya Ujerumani, ina kiini cha nailoni na huuzwa kwa unene wa aina tatu. Ule mnene zaidi, ulioandikwa “stark”, ndio dawa ya G-D-G-D: unene wa ziada hurudisha sehemu nzuri ya mvuto uliopotea, uzi ukashika upinde vizuri. Sauti yake ni pana na laini, inakaa vizuri na ala za udi na kanuni bila kuzipigia kelele. Bei ni karibu mara mbili ya Prelude. Kwa anayepiga kila wiki hukaa miezi minne hivi kabla haijafa sauti. Siku nne au tano za mwanzo hushuka kila saa, kwa hiyo isifungwe siku ya onyesho. Wiki moja kabla ndiyo salama.

Dominant ya Thomastik-Infeld, ya Vienna, ni jina kubwa tangu 1970, na wafadhili wengi huitaja kwanza kwa sababu ndiyo waliyofundishiwa wao. Ni nyuzi nzuri. Lakini bei yake ni mara tatu ya Prelude au zaidi, na A yake, iliyovikwa alumini, huanza kuchanika pale kidole cha kwanza kinapokaa kila siku, kwani jasho hula alumini. A ya Tonica ina ugonjwa huohuo, tofauti ni kwamba msiba wake ni wa bei nafuu. Halafu jina kubwa lina wanaoliiga: Dominant za bandia ni nyingi mtandaoni, na ukiona seti inauzwa kwa robo ya bei ya kawaida, hiyo si bahati. Kwa kundi lenye dhiki, Dominant tunaiweka kando bila kusita.

Hesabu basi. Chukua kundi lenye fidla sita, nne za nyuma na mbili za mbele. Prelude seti 2 kwa mwaka kwa kila fidla ya nyuma ni seti 8. Tonica nene seti 3 kwa kila fidla ya mbele ni seti 6. Ongeza E 6 na A 4 za akiba, kwa kuwa hizo ndizo zinazokufa kwanza, na mikia 4 yenye skrubu kwa mwaka wa kwanza. Mzigo wote, mikia ukiitoa, unaingia kwenye bahasha moja na hauzidi nusu kilo, kwa hiyo mtu anayesafiri na aubebe badala ya kuutuma kwa posta. Pakiti zisifunguliwe mpaka saa ya kufunga. Pakiti iliyotobolewa “kuangalia tu” huanza kupata kutu ndani ya wiki chache za upepo wa bahari.

Makosa ya mnunuzi aliye mbali ni mawili. La kwanza ni saizi. Fidla za watoto si 4/4, yaani saizi ya mtu mzima, na uzi wa 4/4 kwenye fidla ndogo hulegea, halafu sehemu yake iliyovikwa waya hufika kwenye kigingi ikachanika. Pima mgongo wa fidla kwa futikamba bila kuhesabu kile kishikizo cha shingoni: karibu sentimeta 35.5 ni 4/4, 33.5 ni 3/4, 31 ni 1/2. La pili ni mwisho wa uzi wa E. Kuna wenye kidoto (kijipira kidogo) na kuna wenye kitanzi. Skrubu yenye ndoano moja nyembamba inataka kitanzi. Yenye pengo katikati ya meno mawili inataka kidoto. Piga picha ya mkia, itume kabla hujaagiza.

Usafi ni bure na huongeza miezi. Baada ya mazoezi, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu ya shingo kwa ajili ya jasho na karibu na daraja kwa ajili ya unga wa rosini, utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde. Spiriti isikaribie fidla. Tone moja hula vanishi. Anayeshika kabati aandike kwenye karatasi ndani ya kila sanduku tarehe ya kufunga na aina ya uzi. Bila karatasi hiyo, mtu wa kujitolea anayefuata hubadilisha nyuzi za wiki tatu na kuacha za miaka miwili.

Wapo watakaosema mbona Kinshasa wameweza bila nyuzi za dukani. Ni kweli: Orkestra ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda 1994, ilijulikana kwa kufunga waya wa breki ya baiskeli pale uzi ulipokosekana, na muziki ukapigwa. Heshima yao iko palepale. Ila waya wa breki ni nyuzi nyingi ndogo zilizosokotwa, hautoi sauti moja safi, na unakereza daraja na kibao cha shingoni kama msumeno. Ni suluhisho la usiku mmoja.

Ala nyingine kwa ufupi. Besi iachwe: nyuzi zake za chuma hudumu miaka, na seti moja inaweza kula bei ya seti sita za Prelude. Udi una nyuzi 11, na zile nyembamba zisizovikwa waya zinaweza kuazimwa baharini, yaani mshipi wa nailoni wa kuvulia, mradi upimwe kwa maikrometa na ulingane na uzi wa zamani ndani ya 0.05 mm. Kanuni vivyo hivyo. Kwa kawaida ina nyuzi 78, tatutatu kwa kila sauti, na zote tatu zitoke kwenye roli moja, la sivyo hazitakubaliana hata ukikesha nazo. Nyuzi nzito za udi zilizovikwa waya hazina mbadala dukani kwa wavuvi. Hizo ziingie kwenye bahasha ileile ya fidla, seti 2 kwa kila udi.