Uzoefu wangu na dawa ya kuchovya shanga za kioo ili zipate ukungu

Kwa miaka minne sasa ninatengeneza shanga kutokana na chupa zilizovunjika, katika banda dogo lililoko Ilemela, Mwanza, kwa kufuata njia ya Wakrobo wa Ghana: vipande vya chupa hujazwa katika kalibu za udongo zilizopakwa kaolini, yaani udongo mweupe laini, hutiwa tanurini mpaka vilainike na kushikana, kisha tundu hutobolewa kwa chuma chenye ncha kabla kioo hakijawa kigumu. Shanga hutoka na mng'aro uleule wa chupa. Wanunuzi wangu wengi, hata hivyo, huulizia shanga zilizofifia kana kwamba zina ukungu, zenye sura ya vile vipande vya kioo ambavyo ziwa limevisugua kwa miaka na ambavyo watoto huviokota katikati ya mawe ya ufukweni.

Zamani niliipata sura hiyo kwa kusugua shanga juu ya jiwe bapa kwa mchanga na maji. Kazi hiyo ilinila siku nzima kwa mikufu miwili, na bado mabonde madogo ya ushanga yalibaki yaking'aa kwa sababu mchanga hauyafikii. Ndiyo maana niliagiza chupa ya nusu lita ya dawa ya kuchovya kutoka kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya sanaa Dar es Salaam, ambayo pamoja na nauli ya basi ilinigharimu shilingi 90,000.

Kiambato kinachofanya kazi ndani yake ni bifloridi ya amoniamu. Floridi yake huishambulia silika, kitu kikuu kinachounda kioo, iliyo kwenye uso wake na kuacha vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mwanga unapogonga vishimo hivyo hutawanyika pande zote badala ya kurudi kwa pamoja kama mng'aro. Kwa hiyo ukungu huu si rangi iliyopakwa juu, na hauwezi kubanduka.

Jaribio la kwanza lilinivunja moyo. Nilizichovya shanga kama zilivyotoka kwenye kisanduku, nikazitoa baada ya dakika 15 na kuzisuuza, nikaona zinang'aa kana kwamba hazikuguswa. Zilipokauka ndipo ukungu ulipojitokeza, lakini ukiwa na mabaka, na katika ushanga mmoja alama ya kidole changu ilisomeka waziwazi. Nilijifunza mambo mawili hapo. Kioo kilicholowa hakiwezi kuhukumiwa, kwa kuwa maji hujaza vile vishimo na kuuacha mwanga upite. Na mafuta ya mkono, hata yakiwa kidogo sana, huizuia dawa isifike kwenye kioo. Tangu siku hiyo ninaosha shanga kwa sabuni ya maji na mswaki, ninasafisha matundu kwa waya ili masalia ya kaolini yatoke, ninazipangusa kwa spiriti, na baada ya hapo sizigusi tena ila kwa glavu.

Kisha ninazitunga kwenye mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, nikifunga fundo kati ya ushanga na ushanga ili zisigusane, kwa sababu mahali zinapogusana hubaki doa linalong'aa. Mshipi huo ninauteremsha katika kopo la plastiki lenye dawa na kuutikisa taratibu kila baada ya dakika chache. Asubuhi za Juni na Julai, banda likiwa na ubaridi, dawa hufanya kazi kwa uvivu, hivyo ninasubiri mpaka mchana badala ya kuongeza muda. Kuipasha moto sijathubutu na sishauri mtu athubutu, kwa ajili ya mvuke wake.

Matokeo ya shanga zilizoandaliwa vizuri yamenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Za chupa za kahawia hufanana na asali iliyoganda, na zile za chupa nyeupe huwa kama punje za ubani. Mahali ninapotaka mng'aro ubaki, ninapaka rangi ya kucha kabla ya kuchovya na kuiondoa baadaye kwa asetoni, na mpaka kati ya sehemu mbili hutoka safi kabisa. Nilijaribu pia vipande vya kioo cha maabara, kile kinachostahimili moto, lakini ukungu wake ulikuwa hafifu na usio sawa. Dawa hii inafaa zaidi kioo cha kawaida cha chupa.

Lalamiko langu ni kwa muuzaji, kwa sababu aliniletea chupa isiyo na karatasi yoyote ya maelezo kwa Kiswahili, na tahadhari pekee ilikuwa ya Kiingereza kwa herufi ndogo sana. Floridi tunaifahamu kwa jinsi maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yanavyoyapa meno rangi ya kahawia, na humu kiasi chake ni kikubwa mno kuliko katika maji yoyote ya kunywa. Hupenya kwenye ngozi, huifunga kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, wakati madhara yamekwisha kuingia ndani. Mimi huvaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kujikinga, hufanyia kazi nje penye hewa, na nimeweka karibu jeli ya glukoneti ya kalsiamu, ambayo ni huduma ya kwanza tu wakati mtu anakimbizwa hospitali. Watoto hawasogei kabisa. Chombo kiwe cha plastiki, kwa maana bakuli la kioo litaliwa pamoja na shanga.

Dawa iliyotumika hurudishwa chupani, na mpaka sasa nimechovya mishipi 40 kwa chupa hiyo moja bila kuona nguvu yake ikipungua sana. Maji ya kusuuzia siyamwagi kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro yetu huishia ziwani. Ninayakusanya katika ndoo na kuyakorogea chokaa. Kalsiamu ya chokaa hushikana na floridi na kuwa tope jeupe lisiloyeyuka, linalotuama chini.

Jambo moja ninamweleza kila mnunuzi kabla hajalipa. Ushanga wenye ukungu hunywa mafuta ya shingo, na baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa huanza kuonekana angavu zaidi, kwa sababu ileile iliyonidanganya siku ya kwanza nilipoutazama ukiwa umelowa. Ukioshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha ukakaushwa vizuri, ukungu wake hurudi.