Nilienda kwa wakili Tabora kuuliza inchi za mtutu, dada wa mapokezi akadhani nimekuja kwa talaka

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoinyima ntasema nimeinyima wapi, msinikimbilie.

Ofisi yenyewe ni ya wakili mmoja mzee hapa Tabora mjini, chumba na kaukumbi, nje kuna mwembe na mabenchi mawili. Jina siweki, mwenyewe kaniomba nisimtaje, anasema mawakili na matangazo haviendi, na mimi nina kalalamiko kangu kwahiyo bora ibaki hivohivo.

Iko hivi. Baba yetu alifariki mwezi wa pili kule Sikonge. Kaacha mizinga ya nyuki, ng'ombe wachache, deni la pembejeo za tumbaku, na shotigani ya mitutu miwili geji 12 ya zamani sana, kitako kimepasuka kikafungwa waya wa shaba. Mzee alikuwa anaimiliki kihalali, leseni yake ipo kwenye bahasha pamoja na kadi ya chama cha msingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufyatua hewani nyani wakishuka kwenye mahindi. Mimi ndo mtoto wa kwanza, ukoo ukanichagua msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikathibitisha, basi vikanijia vyote na bunduki ikiwemo.

Sasa ule mtutu wa kushoto mdomo wake umebonyea kidogo, uliwahi kugongwa kwenye tela la trekta. Mdogo wangu akasema hii kitu ndogo, ana msumeno wa chuma, anakata inchi 8 mitutu yote ibaki sawa, na mtutu sasa hivi ni 28 kwahiyo tunabaki na 20. Nikamuuliza umejuaje kama inaruhusiwa, akanionyesha video za YouTube, mzungu ana ndevu anaeleza mwisho ni inchi 18 ukienda chini ya hapo ndo kosa. "Dada sisi tuko juu ya 18 tena kwa inchi mbili nzima, wasiwasi wa nini." Baba mdogo nae akaunga mkono, akasema ikiwa fupi hata kubeba kwenye baiskeli rahisi. Nikawaambia msiguse kitu mpaka niulize mtu anayejua, na ule msumeno nikaupakia kwenye kiroba changu nikaja nao mjini, nawafahamu hawa.

Nikapiga simu naambiwa njoo saa tatu. Saa tatu kamili nipo. Dada wa mapokezi ananiangalia juu mpaka chini, kiroba kile, kilemba cha msiba, akaniuliza kwa upole kabisa "ni talaka au matunzo ya mtoto?" Nikamwambia ni bunduki. Nadhani hajawahi kunyanyuka haraka vile. Na kumbe haraka yenyewe ilikuwa ya kwenda kumwambia bosi tu, maana nimekuja kuingia ndani saa sita kasoro, umeme umekatika, feni imelala, nimekaa chini ya mwembe nimemaliza karanga zote nilizokuwa nawapelekea watoto.

Ila nilipoingia, jamani. Nikaamkia shikamoo, marahaba mwanangu, nikaanza stori yangu ya inchi 18 na inchi 20, nimefika katikati akanyoosha mkono. "Ngoja. Hiyo bunduki sasa hivi iko wapi?" Nikasema iko nyumbani Sikonge, chini ya kitanda cha mama. "Toka lini?" Toka msiba, miezi miwili na kitu. Akavua miwani. Akaniuliza taratibu leseni ni ya jina la nani, nikasema la marehemu. Basi akasema kwahiyo kwa sasa haina mwenye leseni, na mama yako amelalia kesi.

Nilitoka jasho, na sio la joto.

Akanieleza na hapa ndo pesa yangu ilipofanya kazi. Leseni ya silaha ni ya mtu, sio ya nyumba wala ya ukoo. Shamba linarithiwa, ng'ombe wanarithiwa, ile karatasi hairithiwi. Mwenye nayo akifa silaha inatakiwa ikabidhiwe polisi itunzwe huko, alafu kama kuna mrithi anayeitaka anaomba ya kwake upya kama mtu yeyote, au inauzwa kwa mwenye kibali kupitia njia zao, au inasalimishwa moja kwa moja. Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi namba 2 ya 2015, ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya 1991, na kukutwa na silaha bila leseni hakuishii kwenye faini ya kulipa ukaondoka, mashtaka yake yanaunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi. Nikadhani ananitisha kama wanavofanya mawakili ili bei ipande. Akafungua kitabu akanisomesha mwenyewe kwa kidole, miaka 20 mpaka 30. Mimi uhujumu uchumi nilikuwa najua ni wa wale waliokula mabilioni, kumbe hata shotigani yenye waya wa shaba inaingia.

Nikamuuliza na gobore je, maana jirani yetu analo, la babu yake, analisemea kama ni kinu cha kutwangia. Akacheka. Akasema gobore ni silaha kama silaha nyingine, na ukienda Mahakama Kuu hapo au Mahakama ya Rufani ikija kukaa Tabora au Kigoma utakuta mafaili ya magobore hayo, mengi ya watu wa porini, na karibu kila mmoja utetezi wake ni ule ule, si yangu nilikuta. Mzee akanogewa akaniingiza kwenye historia ya Isike mtemi wa Unyanyembe, mwaka 1893 Wajerumani wanaingia ngomeni kwake akajilipua na ghala lake la baruti kuliko kukamatwa, yaani huku kwetu mabunduki ni ya zamani kuliko reli, ndo maana watu wanayaona vyombo vya nyumbani. Sikumlipa kwa ajili ya historia lakini nilikaa nikasikiliza, na saa haikuongezwa kwenye bili, hapo nampa heko.

Tukarudi kwenye mtutu. Akaniuliza hiyo 18 ameitoa wapi huyo mdogo wako. YouTube. Ya nani? Mzungu. Mzungu wa wapi? Hapo ndo nikaelewa hatukuwahi hata kujiuliza.

Inchi 18 ni ya Marekani. Ni sheria yao ya 1934, enzi majambazi wa mijini wanatembea na shotigani zimekatwa zimefichwa ndani ya koti, serikali ikasema shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, au bunduki nzima chini ya inchi 26, lazima isajiliwe kwao na ilipiwe kodi dola 200. Hiyo dola 200 ilikaa vilevile miaka tisini na kitu, juzijuzi tu Januari 2026 ndo imefutwa kwa hizo fupi, lakini kusajili kuko palepale. Akanipa na kesi ya jamaa mmoja Miller na mwenzake, walikamatwa wametoka Oklahoma wanaingia Arkansas na shotigani iliyokatwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu 1939, sheria ikasimama, na Miller mwenyewe alishauawa kabla hukumu haijatoka.

Alafu akasema sasa mpeleke mdogo wako Uingereza na hiyo inchi 20 yake. Kule sheria yao ya 1968 mtutu wa shotigani ukiwa chini ya inchi 24 haiwi tena shotigani ya cheti cha kawaida, na kuukata ufike chini ya hapo ni kosa lenyewe. Kanada ndo walinichekesha, kule wanaangalia mkato, bunduki ikitoka kiwandani fupi inaweza kuwa haina shida, ila ukiichukua ndefu ukaipitisha msumeno mtutu ukabaki chini ya milimita 457, ambazo ndo karibu hizohizo inchi 18, imekuwa haramu. Chuma kilekile, urefu uleule, tofauti ni msumeno. Nikautazama msumeno wangu kwenye kiroba nikausogeza chini ya kiti.

Na kupima kwenyewe tulikuwa tunakosea! Mdogo wangu alipima kuanzia kwenye kifyatulio. Wakili akachukua kalenda ukutani akaikunja duara ndo mtutu, akaziba nyuma kwa kiganja ndo mahali risasi inapokaa, akaingiza rula kutokea mdomoni mpaka ikagusa kiganja. Hivo ndo wanavopima hao wenye sheria za inchi, bunduki imefungwa, haina risasi, kijiti kinaingia mbele mpaka kigonge ukuta wa nyuma, unaweka alama, unatoa unapima. Kwahiyo hata hiyo 28 yetu huenda ilikuwa 27 au 26, na ile "20" ingekuja kuwa 18 na chenji. Kwa hesabu za mdogo wangu hata huko Marekani kwenyewe angekuwa anachungulia jela.

Swali langu la mwisho lilikuwa sasa kwetu ni ngapi. Alichonijibu ni kwamba nimekuja na swali la msumeno wakati hata leseni sina, na hata mwenye leseni silaha yake imeandikwa ilivyo na namba yake, matengenezo yanaenda kwa fundi mwenye kibali na polisi wakijua, sio kwa mdogo mtu. Akasema wewe si unaangalia taarifa ya habari, kamanda wa polisi akionyesha vitu vilivyokamatwa anasemaje? Nikajibu bila kufikiri, "bunduki aina ya shotigani iliyokatwa mtutu na kitako". Hayo maneno tunayajua wote kama wimbo wa taifa. Nani ataniamini ni ya kutishia nyani ikiwa imefupishwa inaingia kwenye mfuko wa rambo? Na kumbe hata kwa kazi ya shamba tungeiharibu, mdomo wa hizi bunduki kwa ndani huwa umebanwa kidogo ili marisau, vile vigololi vya ndani ya risasi, yaende pamoja, ukikata unatupa pale pale palipobanwa, yanatawanyika hovyo.

Akapiga simu kituoni hapohapo, akaniandikia barua ya makabidhiano, akanionya tena mara mbili nisithubutu kuifunga kwenye kanga nikapanda nayo Noah kuileta mjini. Askari walikuja wenyewe nyumbani, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, wakaikagua, wakaandika, nikapewa hati ya kupokelewa. Mama alilia kidogo, ilikuwa ya mume wake.

Sasa nyota iliyokatika. Kusubiri karibu masaa matatu ningesamehe. Ila ile barua walivoichapa namba ya bunduki ilikuwa na tarakimu moja imekosewa, 3 imekuwa 8. Mimi ndo niliona, nimesimama mlangoni naondoka nikasema ngoja nilinganishe na leseni ya baba. Yaani mtu amenihubiria saa nzima kwamba silaha ni namba yake, alafu ofisi yake inakosea namba! Ningekabidhi bunduki ambayo kwenye karatasi ni nyingine, na ile ya baba ingeendelea kuonekana iko mtaani. Dada wa mapokezi akasema "aah ni mkono tu". Akarudia kuchapa, na fotokopi ya pili wakanichaji mia tano ileile. Mia tano sio ishu, ishu ni kunichaji kosa lao.

Bei: elfu hamsini ushauri, elfu thelathini barua. Kuna kijana wa steshenari jirani aliniambia ana "fomu za silaha" na ataniwekea mpango kwa laki mbili, nikamwangalia tu nikapita, hizo fomu ni za polisi na maombi yanaanzia serikali ya kijiji yanapanda kata, wilaya mpaka mkoa, hakuna wa kukurukia. Mdogo wangu ndo ameanza hiyo safari kwa jina lake, yupo kwenye kata, anatakiwa pia aonyeshe kwamba anajua kuitumia na ana mahali pa kuifungia, chini ya kitanda cha mama hapahesabiki.

Ukienda beba leseni ya marehemu original, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, na namba ya bunduki iandike pembeni kwa mkono wako ulinganishe. Nenda na chakula. Na benchi la kulia usikalie, mguu mmoja umelegea.